Nini kimo ndani ya jani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima mitishamba maabara

Maswali haya tunaulizwa kila wiki na waganga wa tiba asili, wauzaji wa dawa za miti, wanafunzi wa kemia, na watu waliorithi mti wa dawa kutoka kwa bibi na wanataka kujua una nini ndani yake. Nimeyapanga kuanzia mepesi hadi yale yanayotukalisha maabara mpaka jioni.

## Mambo ya mwanzo

1. Mti ni mti. Mnatenganisha nini humo?

Jani moja lina mamia ya kemikali. Kuna klorofili inayolipa ukijani, nta, sukari, tanini zinazokausha ulimi, protini, chumvichumvi, na mahali fulani katikati ya msongamano huo kuna kile kinachofanya kazi mwilini. Hicho ndicho tunakiita kiambato hai, na mara nyingi ni kidogo mno. Kwa mfano Artemisia annua, mmea uliotupa dawa mseto ya malaria: artemisinini yake kwa kawaida ni kati ya asilimia 0.1 na 1.5 ya uzito wa majani makavu. Yaani katika kilo nzima ya majani unaweza kuambulia gramu moja tu, pengine kumi ukibahatika mbegu bora.

Huwezi kupima gramu moja iliyozama kwenye gramu 999 za vitu vingine bila kwanza kuvitenga. Kazi yetu karibu yote ni hiyo.

2. Kromatografia ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Fikiria abiria wameshuka pamoja kwenye daladala na wote wanapita katikati ya soko kwenda upande wa pili. Mmoja hana haja na chochote, anapita moja kwa moja. Mwingine anasimama kila meza: nyanya, mitumba, vyombo. Wameanza pamoja, lakini watatokea upande wa pili kwa nyakati tofauti. Soko ni kile kitu kigumu tunachokitumia, mara nyingi unga mweupe wa silika. Kinachowasukuma abiria ni kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoyeyusha kemikali. Kemikali inayopenda kushikana na silika inachelewa, na inayopenda kiyeyushi inatangulia.

Aliyeanzisha njia hii ni Mikhail Tswett, mtaalamu wa mimea wa Urusi, aliyekuwa akifanya kazi Warsaw. Mwanzoni mwa karne ya 20 alimimina rangi iliyokamuliwa kwenye majani mabichi juu ya mrija wa kioo uliojaa unga wa chaki, akaona ukijani ule unagawanyika kuwa mikanda ya rangi mbalimbali. Mwaka 1906 alichapisha kazi hiyo na kuipa jina lililotokana na Kigiriki, lenye maana ya kuandika kwa rangi. Unaweza kuyaona aliyoyaona kwa majani ya mchicha yaliyotwangwa na spiriti, na kipande cha karatasi ya kuchujia: manjano itajitenga na kijani mbele ya macho yako.

3. Kemikali ikionekana, ina maana dawa yangu inatibu?

Hapana. Naomba jibu hili lisomwe mara mbili, kwa sababu ndilo linalowaumiza watu wengi. Kutenganisha kunatuambia kilichomo ni nini na ni kiasi gani. Kama kinaua kimelea, kama hakidhuru ini, kama kinafika kwenye damu mtu akinywa, hayo yanapimwa kwingine: kwenye vimelea na seli, kwa wanyama, na mwisho kwa wagonjwa walioridhia na wanaofuatiliwa na daktari. Karatasi yenye muhuri wa maabara inayosema "ina alkaloidi na flavonoidi", ambayo ni majina ya makundi makubwa ya kemikali za mimea, haimponyi mtu. Hata chai ya rangi ina flavonoidi.

## Kuleta sampuli

4. Nilete nini, na kiasi gani?

Kuangalia tu kilichomo kwenye bamba (swali la 10), gramu 50 za majani makavu zinatosha na kubaki. Kupima kiasi cha kiambato kinachojulikana, leta gramu 100 ili turudie kipimo mara tatu. Kama unataka tukutolee kemikali safi ambayo haijawahi kutajwa kwenye mti huo, zungumza na sisi kabla hujakata chochote, maana hapo tunaongelea kilo kadhaa, na kama ni mizizi au magome mti unaweza kufa.

Pamoja na dawa yenyewe, leta tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo, lililokandamizwa katikati ya magazeti. Andika mahali ulipolichuma, tarehe na jina unalolitumia. Tawi hilo linakwenda kwa wataalamu wa mimea, kama walioko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au kwenye hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, wathibitishe jina la kisayansi. Unga peke yake hauna uso. Tumewahi kufanya kazi majuma mawili juu ya mfuko wa unga wa kahawia, mashine ikatuchorea vilele vizuri kabisa (swali la 12), kisha mwenyewe akatuambia huenda kijana wake alichanganya mifuko miwili. Yote yale tuliyatupa.

5. Kwa nini mnasisitiza jina la mti? Si kila mtu anaujua mwarobaini?

Mwarobaini una ndugu yake, mmelia (Melia azedarach), wanaofanana hata wazoefu hukosea, na matunda ya mmelia yana sumu. "Pakanga" nalo ni jina linalobeba mimea zaidi ya mmoja. Wapo wanaoita hivyo Artemisia annua iliyotoka China, wapo wanaoita hivyo Artemisia afra ya milimani kwetu, na hii ya pili haina artemisinini ya kuzungumzia. Ukinunua mche wa moja ukidhani ni mwingine, hakuna mashine itakayokuokoa.

Madhara yake si ya kufikirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene walianza kuharibika figo. Zaidi ya watu 100 waliathirika. Ilibainika kwamba mzizi mmoja wa Kichina uliokusudiwa ulibadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, kwa kuwa majina yao ya Kichina yanakaribiana sana. Asidi ya aristoloki iliyomo humo huua figo na huleta saratani. Kromatografia ndiyo iliyoonyesha kilichokuwamo, lakini watu walikuwa wameshameza.

6. Nikaushe juani au kivulini?

Kivulini, penye hewa, ukitandaza kwenye chekecheke au mkeka safi. Jua kali huharibu kemikali nyingi: azadirachtini ya mbegu za mwarobaini ni mfano mmoja, mwanga wa jua huivunja upesi. Usifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla jani halijakauka kabisa. Litafanya ukungu, na ukungu nao una kemikali zake, tutapima hizo badala ya za mti. Bahasha za karatasi ni bora.

## Kukamua dawa kutoka kwenye mmea

7. Bibi alichemsha kwa maji. Nyie mbona mnatumia spiriti na heksani?

Kama dawa inanyweshwa kwa maji, tunaikamua kwanza kwa maji, vilevile, kwa sufuria na muda uleule. Hicho ndicho mgonjwa anachokunywa. Kisha tunatumia viyeyushi vingine ili kujua maji yameacha nini nyuma. Heksani huchukua nta na mafuta, ethili aseteti huchukua vya kati, na methanoli au spiriti yenye maji huchukua karibu kila kitu kilichobaki.

Joto nalo lina neno. Mwaka 1971 Tu Youyou na wenzake huko Beijing walikuwa wamejaribu Artemisia annua mara nyingi, matokeo yakawa yanapanda na kushuka. Akarudi kwenye maandiko ya tiba ya Kichina ya karne ya 4, akakuta mmea huo haukuchemshwa: uliloweshwa majini, ukakamuliwa, maji yake yakanywewa. Akahisi kwamba kuchemsha kunaua dawa. Akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzijoto 35 tu, na mkamuo ule ukasafisha vimelea vya malaria kwa panya. Mwaka 1972 artemisinini safi ikapatikana, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Kwa hiyo tunapomwuliza mzee "mlikuwa mnachemsha au mnaloweka?" hatumchunguzi. Jibu lake ni sehemu ya kipimo.

8. Alkaloidi mnazitoaje?

Hii ni mojawapo ya kazi ninazozipenda, maana inafanyika hata umeme ukikatika. Alkaloidi nyingi zina tabia ya besi, kinyume cha asidi. Ukiziweka kwenye maji yenye asidi kidogo zinageuka chumvi na kuyeyuka majini, huku mafuta na klorofili vikikataa. Unatenga. Kisha unaongeza amonia hadi maji yawe na besi, alkaloidi zinayakataa maji, na ukitikisa na kiyeyushi kama klorofomu kwenye faneli ya kutenganishia zinahamia huko.

Mwaka 1820 Pelletier na Caventou wa Paris walitumia tabia hii ya asidi na besi kutoa kwinini kwenye magome ya mkwinini. Mti huo baadaye Wajerumani waliupanda Amani, Usambara Mashariki, na mashamba yake makubwa yako Kivu, karibu na Bukavu, Kongo. Ukitia kwinini kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa na kuimulika kwa taa ya urujuanimno (UV), inawaka buluu ya kupendeza mno. Mwanafunzi akiiona mara ya kwanza haisahau.

Angalizo moja la mkono: majani yenye utelezi hutengeneza povu zito katikati ya faneli na matabaka hayajitengi. Usitikise kwa nguvu, geuza faneli polepole. Likishatokea, ongeza chumvi ya mezani uache litulie.

9. Na mafuta yanayonukia, kama ya karafuu na mchaichai?

Hayo tunayakeneka kwa mvuke. Yujenoli, yenye harufu ya karafuu, peke yake huchemka karibu nyuzijoto 254, lakini ikichanganyika na mvuke hutoka chini kidogo ya 100. Kiwanda cha makonyo kule Wawi, Pemba, kinafanya hivyo kwa tani: vikonyo vya karafuu vinapigwa mvuke, mvuke unapozwa, mafuta yanajitenga na maji. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama. Ya mchaichai yanaelea. Akikuletea mtu "mafuta safi ya karafuu" yanayoelea juu ya maji, anza kuuliza maswali.

Kuyapima tunatumia kromatografia ya gesi, kwa sababu mafuta haya hugeuka mvuke bila kuungua. Sukari, alkaloidi nyingi na tanini hazifai humo.

## Kutenganisha na kupima

10. Kipimo cha bamba kinafanywaje, na kinaaminika?

Bamba ni kipande cha alumini au kioo kilichopakwa silika nyembamba, ukubwa wa kiganja. Unachora mstari kwa penseli sentimita 1 kutoka chini. Kalamu ya wino hapana, wino wenyewe utapanda na kugawanyika. Kwa mrija mwembamba kama unywele unagusa mkamuo wako juu ya mstari, nukta ndogo, unaikausha kwa kupepea, unagusa tena. Pembeni yake unaweka kemikali rejea, yaani ile safi unayoijua. Bamba linasimamishwa kwenye chupa yenye kiyeyushi kisichofika kwenye mstari, unafunika, unasubiri. Kiyeyushi kinapanda kama mafuta kwenye utambi.

Ukilitoa, mara nyingi unaona ukijani tu. Kisha unazima taa na kuwasha ya urujuanimno, na bamba lile lile lina nukta nyekundu ya klorofili, za buluu, za manjano, na vivuli vyeusi. Aloini ya utomvu wa mshubiri, ukiinyunyizia potasi, inang'aa manjano. Artemisinini hujificha, lakini ukipuliza anisaldehidi yenye asidi na kulipasha bamba, inajitokeza kwa rangi ya waridi inayoelekea zambarau.

Umbali uliopandwa na nukta ukigawa kwa umbali wa kiyeyushi unapata namba iitwayo Rf. Nukta imepanda sm 3.2, kiyeyushi sm 8: Rf ni 0.40. Namba hii hubadilika na unyevu wa hewa, na Dar es Salaam mwezi wa Aprili unyevu si mchezo. Ndiyo maana kemikali rejea lazima iwe kwenye bamba hilohilo. Kwa kutambua mti na kukamata udanganyifu kipimo hiki kinaaminika sana, tena ni cha bei nafuu. Kwa kusema kiasi halisi, nenda swali la 12.

11. Kolamu inafanya nini tofauti na bamba?

Bamba linakuonyesha, kolamu inakupa mkononi. Ni mrija wa kioo uliojaa silika. Unaweka mkamuo juu, unapitisha heksani, kisha unaongeza ethili aseteti kidogokidogo, na mwisho methanoli. Chini unakinga matone kwenye tyubu, pengine 200. Kila tyubu inaguswa kwenye bamba, zinazofanana zinaunganishwa. Ni kazi ya siku nzima, na kolamu isiachwe ikauke, silika ikipasuka umeharibu kila kitu.

12. HPLC inapimaje kiasi?

HPLC ni kromatografia ya kimiminika kinachosukumwa kwa shinikizo kubwa. Ni kolamu ileile, lakini ya chuma, urefu wa sm 25, imeshindiliwa chembe za mikroni 5. Kiyeyushi hakiwezi kupita humo chenyewe, kwa hiyo pampu inakisukuma kwa shinikizo la bar 100 hadi 400. Tairi la gari dogo lina bar 2 hivi. Kila kemikali inapotoka, kifaa cha mwanga kinachora kilele kwenye skrini, na ukubwa wa kilele unalingana na kiasi.

Hesabu yake ni hii. Kemikali rejea ya miligramu 0.10 kwa mililita imetoa kilele cha eneo 5,000. Sampuli yako imetoa 4,000, basi ina 0.08. Ulikamua gramu 1 kwenye mililita 25, kwa hiyo kuna miligramu 2 katika gramu, sawa na asilimia 0.2. Kwa kweli tunatumia viwango vitano vya rejea, si kimoja. Bila kemikali rejea HPLC haiwezi kukupa asilimia, na kemikali hizo huagizwa nje kwa bei kubwa. Gharama kubwa kwenye ankara yako mara nyingi ni hiyo.

13. Mkikuta kitu kisichojulikana?

Tunakisafisha kwa kolamu hadi kiwe peke yake. Spektromita ya masi inatupa uzito wa molekuli: artemisinini, kwa mfano, ni 282. Mashine ya NMR, inayotumia sumaku kali, inatuonyesha atomi zimeunganaje. Uzito peke yake hautoshi, kemikali nyingi tofauti zina uzito mmoja.

## Yanayoleta utata

14. Maabara moja iliniambia "hakuna kitu" kwenye artemisia yangu. Inawezekana?

Inawezekana kabisa hata kama kimo. Artemisinini karibu hainyonyi mwanga wa urujuanimno, na HPLC nyingi zinategemea mwanga huo. Kilele hakionekani, au kinaonekana cha kitu kingine. Inabidi kutumia kigunduzi kinachotawanya mwanga kwenye chembe zilizokaushwa, au spektromita ya masi, au kuigeuza kwanza kwa alkali iwe kitu kinachoonekana kwenye nanomita 260. Uliza walitumia kigunduzi gani.

15. Mti uleule, mwezi uliofuata matokeo mengine. Nani kakosea?

Pengine hakuna. Artemisinini hufika kilele karibu na kuchanua maua, kisha hushuka. Udongo, mvua, umri wa mti, saa ya kuchuma na miezi ya kukaa ghalani vyote vina mkono. Leta sampuli za misimu tofauti, zimeandikwa tarehe.

16. Mkamuo mzima uliua vimelea, mlipotenganisha kila sehemu ikawa dhaifu. Dawa imekwenda wapi?

Swali hili linatusumbua na sisi. Huenda kiambato kilivunjika juu ya silika, maana silika ina uasidi kidogo. Huenda kimebaki kimeng'ang'ania ndani ya kolamu. Pima jumla ya ulichokusanya, kama uliweka gramu 5 na ukapata 3, kuna kilichobaki. Au kemikali mbili zilikuwa zinasaidiana. Tunaunganisha sehemu zote upya na kupima tena. Nguvu ikirudi, zinashirikiana. Isiporudi, kuna kilichoharibika njiani, na tunaanza tena kwa njia ya upole zaidi.

17. Kuna dawa ya miti sokoni inafanya kazi ndani ya dakika 40. Mtishamba gani huo?

Mara nyingi si mtishamba. Duniani kote maabara hukuta sildenafili kwenye dawa za "nguvu za kiume", sibutramini kwenye za kupunguza unene, na deksamethasoni kwenye za pumu na viungo. Kwenye bamba zinajitokeza nukta moja nene, safi, isiyo na wenzake, tofauti kabisa na msururu wa nukta za mmea. Mwenye shinikizo la damu anayetumia dawa za moyo aina ya naitreti anaweza kufa kwa sildenafili asiyojua kwamba ameinywa. Tanzania, peleka dawa unayoitilia shaka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

18. Basi nikipima artemisia yangu nikaikuta na artemisinini nyingi, ninywe chai yake badala ya dawa mseto?

Usifanye hivyo. Kikombe cha leo na cha kesho havilingani (swali la 15), na dozi pungufu inawaacha vimelea hai na kuwafunza usugu. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutumia majani au chai ya mmea huu kutibu wala kuzuia malaria. Dawa mseto ina kipimo kinachojulikana na dawa ya pili inayomalizia kazi.

19. Nikiwaletea dawa ya ukoo wetu, mtaiiba?

Una haki ya kuuliza, na usione haya. Kabla hujafungua mfuko, dai makubaliano ya maandishi: maabara itapima nini, nani atamiliki matokeo, kama yanaweza kuchapishwa, na mgao ukoje ikipatikana bidhaa. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, mkataba wa kimataifa, inataka ridhaa na mgawanyo wa haki wa manufaa, na Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Kule Afrika Kusini taasisi ya utafiti ya CSIR ilichukua hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya mmea wa Hoodia miaka ya 1990 bila kuwashirikisha Wasan, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika, waliokuwa wakiutumia dhidi ya njaa. Makubaliano nao yalikuja mwaka 2003, baada ya kelele nyingi. Wewe anza na maandishi.

20. Dawa yangu ina miti saba kwa pamoja. Mnaweza kuipima?

Tunaweza, ila utulie. Leta mchanganyiko, na ulete kila mti peke yake na tawi lake (swali la 4). Tunapanga nukta nane kwenye bamba moja, saba za miti na ya nane ya mchanganyiko, na kuona kila mti unachangia nini. Kisha tunaangalia kama kuna nukta mpya ambayo haimo kwenye mti wowote kati ya saba. Ikionekana, kitu kimezaliwa ndani ya chungu wakati wa kuchemsha, na hapo ndipo tutakapokupigia simu kukuuliza mti upi unatangulia kuingia jikoni.